Unapumzika Mara Ngapi Ukipanda Kutoka Mtoni?

Kaa kwanza, Mama. Vuta kile kiti chenye mgongo. Kigoda hicho hakikuwezi tena, wala sisemi hivyo kukutania. Wewe ni mpwa wangu, lakini ulipewa jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana nimekuita Mama tangu ulipokuwa mgongoni kwa dada. Na ndiyo maana kukukemea huniwia vigumu. Hii ni mara ya nne unanijia na neno lilelile: mjomba, safari hii nimeamua. Mara ya kwanza uliamua Jumatatu, ukaacha Ijumaa. Mara ya pili Ijumaa yenyewe hukuifikia. Ya tatu sitaki kuikumbuka, maana ulianguka sokoni kwa njaa, wakakumwagia maji mbele ya wateja.

Sikuulizi umeamua nini. Nakuuliza jana ulikula nini.

Basi usinijibu, najua. Unaamka saa kumi na moja, unavuka mto kutoka Lubunga kwa mtumbwi, tumboni hamna kitu. Saa nne anapita mtoto na beseni la mikate ya kukaanga, unachukua mitatu, na chai yenye sukari kama dawa ya kikohozi. Mchana wateja ni wengi, huli, halafu unajisifu kwa wenzako kwamba leo hujagusa chakula. Saa mbili usiku unashusha donge la fufu ambalo waendesha baiskeli za toleka wawili wangelimaliza kwa taabu, sombe ya majani ya muhogo inaogelea kwenye mawese, kisha unalala. Ukimaliza unasema Mungu ndiye aliyekuumba hivyo. Mungu ana kazi nyingi, Mama. Hiyo usimtwishe.

Unadhani kushinda na njaa ndiko kupungua. Njaa naijua mimi. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana humu mjini Kisangani siku sita, tulilala chini ya vitanda tukila mapapai mabichi ya kuchemsha. Na miaka ile ya vita mto ulikuwa umefungwa, meli za Kinshasa hazipandi, petroli haipatikani, mji mzima ukibebwa na baiskeli. Toleka, maana yake kwa Kilingala ni tupite, na kweli tulipita: nilibeba abiria, magunia ya mchele, siku moja nilibeba jeneza. Watoto wakiiona picha yangu ya wakati ule husema babu alikuwa na mwili wa mchezaji. Nilikuwa na njaa tu. Siku chakula kilipopatikana nilikula mpaka nikatapika. Mwili ulionyimwa hulipiza kisasi, nawe kila usiku unakiona kisasi hicho, unakiita udhaifu wa moyo.

Kwa hiyo kula asubuhi. Chemsha ndizi mbili mbichi, au kiazi, weka na maharage, funga kwenye kibakuli uvuke nacho. Mchana kula tena, hata kama mteja amesimama. Atangoja, au atarudi. Usiku fufu yako iwe kama ngumi yako, si kama kichwa cha mtoto, na sahani ijazwe na mboga: lengalenga, sombe, na samaki wa wavuvi Wagenya siku pesa ikiruhusu. Makayabu, samaki wale wa chumvi, yaloweke usiku kucha, umwage maji mara mbili, maana chumvi ile haina huruma kwa mtu mwenye presha. Na uache kukwangua sufuria baada ya watoto kula. Ukoko ule hakuna anayekuhesabia, lakini unaingia.

Mawese sikukatazi. Wako wanaokuja na maneno ya mbali kwamba sumu yetu ni mawese. Mafuta yale mekundu hutoa vitamini A ambayo macho ya watoto wako yanaihitaji. Ila kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120, nawe humimina kwa kikombe. Pima kwa kijiko. Lituma nayo ipo, ndizi zetu za kuponda, siwezi kumnyima mtu wa Kisangani lituma, mimi mwenyewe nikifa mniwekee. Lakini bia kubwa ya Jumapili ni kama kalori 300, na soda ndogo ina sukari ya vijiko vya chai vinane au tisa. Wewe hunywa soda kwa sababu eti hunywi bia.

Kuna jambo tulinyamazia, na nilikosea kunyamaza. Kabla ya harusi yako shangazi zako walisema huwezi kuolewa ukiwa mifupa, mtu mmoja akakuuzia vidonge vya kunenepesha vya kuhesabu kwenye karatasi. Ulivimba uso kwa wiki chache, watu wakapiga vigelegele. Vingi vya vidonge hivyo ni deksametazoni, dawa ambayo daktari humpa mgonjwa kwa sababu yake, na ikitumiwa ovyo hupandisha sukari na presha na kurundika mafuta tumboni na usoni. Kama bado unavimeza kwa siri, usivikate ghafla, kwa maana mwili huweza kuwa umesahau kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo. Nenda kwa daktari umwambie ukweli wote. Na akupime sukari. Kiu isiyokatika na kuamka kukojoa usiku kucha si uzee, una miaka arobaini.

Halafu mdomo wa watu. Mwaka jana ulipopungua kidogo tu, wakanong'ona una ugonjwa, au mume amefilisika, au ana mwanamke kule Mangobo. Nawe ukarudi kula ili kumtetea mume! Hapa kwetu kitambi ni cheti cha nyumba yenye amani, nami nawaelewa, maana tulizika watu wembamba wengi. Lakini huwezi kubeba kilo 96 kwa ajili ya heshima ya mtu mwingine. Watakaponong'ona, waambie mjomba ndiye aliyekuagiza. Tafuta mwenzako mmoja pale sokoni, mmoja tu, muwe mnakula pamoja na kutembea pamoja. Wengine usiwatangazie.

Wala usitafute hamu. Unadhani kila alfajiri nilikuwa na hamu ya kukanyaga pedeli? Hamu ni abiria, leo anapanda, kesho humwoni, na mimi niliondoka hata kiti cha nyuma kikiwa kitupu. Siku ukishindwa, ukala mikate mitano, siku hiyo ni mikate mitano, si mwezi mzima. Mchana wake kula chakula chako kama kawaida.

Mizani usiipande kila siku, itakuvunja. Nusu kilo kwa wiki yatosha, kilo ni nyingi. Kilo tano tu kati ya hizo 96 zikiondoka, presha na sukari huanza kupata nafuu, hata kama kitenge chako bado kinabana. Nina kipimo kingine. Ule mwinuko wa kutoka mtoni, mwaka ulioolewa uliupanda na beseni la unga kichwani bila kusimama. Juzi nilikuwa juu pale, hukuniona. Ulipumzika mara tatu, mara ya tatu ukajifanya unafunga kitenge. Hesabu hizo. Mwezi huu tatu, ukifika mbili uje uniambie, hata usiku.

Haya, jua linashuka na mtumbwi wa mwisho haungoji. Nipe mkono, goti hili la kushoto lilibaki kwenye pedeli. Nakusindikiza hadi mtoni, na pikipiki hatupandi. Ukichoka sema, tutasimama. Nitachoka kabla yako.