Ndege Aliyeitwa

Nilimwona. Ila hadi leo najiuliza kama nilimwona kihalali.

Ilikuwa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Tulikuwa tunamtafuta ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu mwembamba. Wanasayansi humwita Artisornis moreaui, kwa heshima ya Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo papo hapo Amani. Duniani kote anajulikana sehemu mbili tu: Usambara Mashariki na kaskazini mwa Msumbiji. Hujificha ndani ya mimea inayotambaa, hasa pale mti mkubwa ulipoanguka na kuacha mwanga. Unaweza kusimama hatua tano kutoka alipo usione kitu ila majani yakitikisika.

Tulisimama saa mbili. Shingo iliniuma, na darubini haikuniletea ila majani. Kisha kaka aliyekuwa akiniongoza akatoa simu.

“Nimwite, mdogo wangu?”

Nikaitikia kwa kichwa.

Wimbo wa ndege ukatoka kwenye simu. Haukupita muda, akatokea mwenyewe. Akaruka tawi hili, akaruka lile, akaimba, akageuza kichwa huku na huku. Mdomo, mkia, rangi: ndiye. Nilifurahi mno, mpaka nilipoelewa anatafuta nini. Alikuja kumfukuza dume mwingine aliyeingia kwenye eneo lake, na dume huyo hakuwepo. Muda wa kutafuta wadudu aliutumia kupambana na mgeni tuliyemtungia sisi.

Ni rahisi kusema tulikosea. Lakini kaka yule anasomesha watoto kwa pesa za wageni, na mgeni aliyetoka kapa huenda asirudi wala asimtume mwenzake. Msitu usioleta riziki hupungukiwa na watetezi. Tena, kumwita mara moja kuna ubaya gani?

Hapo ndipo hoja yangu inapokwama. Kila mgeni humwita mara moja tu. Ndege ndiye anayetupokea wote.

Nikamwomba kaka azime simu. Tukakaa kimya. Baada ya muda wimbo uleule ukasikika kwa mbali, ndani kwenye kijani, bila kuitwa. Safari hii sikumwona.

Daftarini niliandika mistari miwili: “Nimemwona.” “Nimemsikia.” Wa pili ndio ninaousoma bila kuona haya.