Ya Muda Tu

Sisi mafundi tuna maneno tunayoyapenda kuliko spana: "hii ni ya muda tu." Ukishayasema, kazi mbovu inapata ruhusa. Swali langu ni hili: je, kitu cha muda kinadai uaminifu mdogo kuliko kitu cha kudumu?

Chukua Land Rover za zamani, zile za Series III zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Nje ya injini kuna bomba jembamba linalopandisha oili mpaka kwenye silinda hedi. Ncha ya bomba ni kama pete. Bolti yenye tundu inapita katikati ya pete hiyo, na kila upande inakaa washa ya shaba. Kinachoziba ni washa, siyo ubabe wa mkono. Ukikaza kupita kiasi, ile bolti inakatika.

Washa ikikaa miaka imebanwa na kutikiswa, shaba inakuwa ngumu, haishiki vizuri, oili inaanza kuvuja. Dawa ipo, na haina gharama: ipashe kwenye jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu, itumbukize kwenye maji. Patasi ukiifanyia hivyo inazidi ugumu, lakini shaba inalainika. Isugue, ikague, irudishe.

Njia ya mkato ni silikoni. Unapaka, uvujaji unakoma, mwenye gari anakushukuru na kulipa. Lakini silikoni iliyobanwa ikaingia ndani inaweza kukatika vipande, ikasafiri na oili na kuziba vijia vyembamba. Huko juu pakikosa oili, vyuma vinasagana. Nje pakavu, ndani panakufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza, hata ufa uliozibwa kwa hila utakujengesha.

Najua mtu atasema, "Wewe bwana, kesho yetu yenyewe hatuijui, ya kudumu ya nini?" Hoja hiyo ina uzito. Lakini Dadaab ilianza 1991, Kakuma 1992, Nyarugusu 1996, zote kwa muda. Mtoto aliyezaliwa miaka ile leo anaweza kuwa na watoto wake. Maisha hayakusubiri muda uishe. Anayekunywa maji ya tangi la muda, tumbo lake siyo la muda.

Sikatai matengenezo ya muda. Gari lenye mgonjwa likikwama usiku, ziba kwa ulichonacho, lifike. Ila mambo mawili ni lazima. Usitumie dawa itakayoharibu kilicho kizima. Na mwambie mwenye gari: "Hii haitadumu. Pima oili kila asubuhi, wiki ijayo urudi." Hapo ataamua mwenyewe safari gani aende nalo na ipi aache. Ukinyamaza, umemwamulia bila yeye kujua.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba cha muda kinadai uaminifu zaidi. Cha kudumu kinaweza kujisemea. Cha muda lazima kisemewe.

Ndugu zetu wa mashirika, hili linawagusa nanyi. Mkitupa hema au darasa la turubai, tuambieni ni la muda gani na litakaguliwa lini. Nasi mafundi tusidai kwenu tusichowapa wateja wetu.