Madirisha Yaliyokuwa Wazi Tangu Zamani

Andiko la tafakari: Danieli 6:10

Aya ya kumi ya sura ya sita ya kitabu cha Danieli husomwa mara nyingi kama utangulizi tu wa kisa cha tundu la simba, ilhali ndiyo inayobeba uzito wa sura nzima. Inaeleza kwamba Danieli, alipopata habari kuwa amri ya mfalme Dario, iliyokataza dua kwa yeyote ila mfalme mwenyewe, imekwisha kutiwa sahihi, aliingia nyumbani mwake, ambamo madirisha ya chumba cha juu yalikuwa wazi kuelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku, akamwomba na kumshukuru Mungu wake jinsi alivyozoea. Maneno ya Kiaramu yanayoifunga aya hiyo, kwa kuwa sehemu hiyo ya kitabu iliandikwa kwa lugha hiyo, yana maana ya "tangu kabla ya hapo", na humo ndimo lilimo fundisho lake: siku ya hatari Danieli hakuanza jambo jipya, wala hakuongeza sala moja juu ya zile za kila siku, bali hakuacha tu alichokuwa akikifanya.

Nidhamu ya kiroho ni utaratibu ambao mwamini hujiwekea kwa hiari katika sala, kusoma Maandiko, kufunga na kushiriki ibada, si kwa ajili ya kumlipa Mungu ili apate neema, bali ili neema aliyokwisha kupewa imkute yupo. Kwa hesabu iliyozoeleka, Danieli alichukuliwa mateka akiwa kijana mwaka 605 KK, na Babeli ikaanguka mikononi mwa Wamedi na Waajemi mwaka 539 KK, hivyo alipokabiliwa na amri hiyo alikuwa mzee aliyeishi ugenini kwa zaidi ya miaka 60. Wala hakuwa mtu mwenye nafasi nyingi, kwani alikuwa mmoja wa wakuu watatu waliowekwa juu ya maliwali 120, na wenzake walipochunguza utumishi wake hawakuona kosa wala uzembe. Mtego waliomtegea kwa amri hiyo ulisimama juu ya uhakika mmoja tu, kwamba saa ya sala ikifika mtu huyu atasali. Kama angekuwa anasali kwa kufuata hali ya moyo, leo akiwa na hamu na kesho akiwa amechoka, wasingejua wamvizie lini. Hivyo adui zake, bila kukusudia, ndio waliotoa ushuhuda mkubwa kuliko wote juu ya uaminifu wake.

Nidhamu hiyo ilikuwa na saa, mahali na mwelekeo. Kuhusu saa, Zaburi ya 55 inataja sala ya jioni, asubuhi na adhuhuri, na sura ya tisa ya Danieli inasema alikuwa akiomba wakati wa dhabihu ya jioni, ingawa hekalu ambamo dhabihu hiyo ilikuwa ikitolewa lilikuwa limeteketezwa mwaka 586 KK. Maana yake ni kwamba mzee huyu aliendelea kufuata saa za nyumba ambayo haikuwepo tena. Utaratibu wa saa haukukoma, kwa kuwa Matendo ya Mitume inawaonyesha Petro na Yohana wakienda hekaluni saa tisa, na Petro akipanda darini kuomba saa sita, saa ambazo msomaji wa Kiswahili huzielewa bila kufafanuliwa, kwa kuwa naye huhesabu mchana kuanzia mapambazuko. Kuhusu mwelekeo, Sulemani alipoliweka wakfu hekalu, katika 1 Wafalme 8, aliwaombea watakaochukuliwa mateka wasikilizwe watakapoomba wakielekea nchi yao, mji na nyumba ile, hivyo dirisha la Danieli lilikuwa jibu kwa Andiko alilolifahamu. Sala isiyolishwa na Neno hupoteza upande inakoelekea.

Huenda mtu akauliza iwapo madirisha hayo hayapingani na onyo la Yesu katika Mathayo 6 dhidi ya wanaosali ili waonekane na watu. Jibu limo katika yale maneno "tangu kabla ya hapo": kuyafungua siku ile kungekuwa kuwaonyesha watu, na kuyafunga siku ile kungekuwa kuwaogopa watu, na katika hali zote mbili watu ndio wangekuwa kipimo, ilhali kuyaacha yalivyokuwa kulimwacha Mungu peke yake kuwa sababu. Vilevile Isaya 29 inaonya juu ya midomo inayomkaribia Mungu huku moyo uko mbali, na Danieli analindwa dhidi ya hatari hiyo kwa neno dogo ambalo aya haikulisahau, kwamba alishukuru, jambo ambalo mazoea matupu hayawezi kumfanya mtu alitende akiwa chini ya tishio la kifo.

Inafaa pia kupima ukubwa wa kile alichotakiwa kuacha. Amri haikumwagiza amkane Mungu, bali isiombwe dua kwa yeyote ila mfalme kwa siku 30, na mtu mwenye busara ya kawaida angeweza kujishauri kwamba Mungu anaelewa, na kwamba mwezi mmoja si kitu mbele ya miaka 60. Waamini wengi wa leo hawatatishwa na simba, lakini siku 30 huwajia zenyewe: msimu wa mavuno, mitihani, zamu za usiku hospitalini, hesabu za kufunga mwaka dukani, kila moja ikiomba sala isubiri kidogo tu. Anayetaka kukua hahitaji kuanza na saa nyingi asizoziweza, bali achague wakati mmoja anaoumudu, hata kama ni robo saa kabla ya kufungua genge au kushika simu, aupe mahali pake na sehemu ya Andiko, kisha aulinde katika wiki zisizo na tukio lolote. Akiba haiozi, lakini haiwekwi siku inayohitajika, na amri ilipotiwa sahihi Danieli alikuwa na kazi moja tu iliyobaki, ambayo ni kupanda ngazi kwenda chumbani mwake saa ilipofika.