Saratani ya damu si aibu ya ukoo

Katika vikao vya posa hapa Dodoma, kuanzia Majengo mpaka Kondoa, hakikosekani mzee wa kusema: "Chunguzeni ukoo kwanza." Kuchunguza si vibaya. Dini yetu imetutaka tuangalie dini na tabia za mchumba, na wazee wetu waliuliza pia habari za maradhi. Lakini uchunguzi usio na elimu hugeuka dhulma, na hilo ndilo ninalotaka tulitafakari leo.

Nimewahi kukaa katika kikao ambamo posa ya kijana ilikataliwa kwa sababu marehemu baba yake aliugua saratani ya damu. "Damu ya ukoo ule imeharibika," alisema mzee mmoja. Binti mwenyewe hakuulizwa. Kikao kikafungwa kwa dua.

Je, maneno yale yalikuwa ya kweli? Tuchukue aina moja ya saratani sugu ya damu, iitwayo lukemia sugu ya mieloidi. Mwaka 1960, Peter Nowell na David Hungerford, huko Philadelphia, Marekani, waliona kromosomu fupi isivyo kawaida katika seli za wagonjwa. Mwaka 1973, Janet Rowley akaonyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Kosa hilo huanzia katika seli moja ya uloto wa mgonjwa mwenyewe. Hakulirithi kwa baba yake, wala hamrithishi mwanawe.

Atatokea wa kuuliza: mbona wataalamu nao wanataja jeni za kurithi? Ni kweli. Kila siku DNA katika seli zetu hupata majeraha mengi, na Mola ametujaalia jeni zenye kazi ya kuyakarabati. Aziz Sancar, mzaliwa wa Savur, Uturuki, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015, pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich, kwa kueleza ukarabati huo. Jeni hizo hutofautiana kidogo baina ya mtu na mtu. Watafiti wamechunguza kama tofauti hizo, mfano katika jeni ya XRCC1, zinaongeza uwezekano wa kupata lukemia sugu. Matokeo yamepishana, na tofauti zenyewe wanazo watu wengi mno ambao hawatapata saratani maishani. Huenda hata aliyekataa posa anazo!

Tusichanganye mambo. Selimundu hurithiwa waziwazi: baba na mama wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa mtoto kuugua. Hapo kupima kabla ya nikaha ni busara. Mzazi ana haki ya kumlinda binti yake, lakini kwa kipimo, si kwa dhana. Na hata kipimo ni cha kuwasaidia wachumba waamue, si cha kuwavunjia watu heshima.

Ndugu msomaji, dhulma hii ina madhara makubwa kuliko posa kuvunjika. Familia ikijua kwamba ugonjwa utawafungia watoto wake milango ya ndoa, itauficha. Mgonjwa bandama linavimba, anaambiwa karogwa, anachanjwa chale, miezi inapita. Na dawa ipo! Imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, imewawezesha wagonjwa wengi wa lukemia hii kuishi miaka mingi kwa kumeza vidonge kila siku. Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wapo walioipata bila malipo kwa njia ya msaada. Safari ya kutoka Dodoma ni ndefu, lakini inayowazuia wengine si nauli. Ni aibu, na aibu hiyo tumeitengeneza sisi.

Ugonjwa ni mtihani, si hukumu juu ya nasaba ya mtu. Na kutamka juu ya damu ya Muislamu mwenzako jambo usilolijua ni kumsingizia, hata ukilitamka kwa sauti ya hekima. Tumuulize daktari kwanza, ndipo tuseme.

Wabillahi Tawfiq.