Onyo Dhidi ya Mapinduzi ya Damu na Sharti Lake

Swali la iwapo anayeonya dhidi ya mapinduzi ya damu anatetea uhai wa watu au anatetea tu mamlaka yaliyopo ni la zamani katika falsafa ya siasa. Edmund Burke, mbunge wa Uingereza, aliyalaani mapinduzi ya Ufaransa mwaka 1790, na ingawa umwagaji damu wa 1793 na 1794 ulilipa onyo lake uzito, mwandishi Thomas Paine alikwisha kumjibu mwaka 1791 kwamba aliwahurumia watawala akawasahau wanyonge.

Swali hilo lamhusu pia Julius Nyerere wa Tanganyika, ambaye mwaka 1962 alitoa kijitabu cha Ujamaa, ambamo alikataa mapambano ya matabaka, yaani fundisho kwamba wenye mali na wasio nacho hawana budi kugongana ndipo haki ipatikane. Kwake, fundisho hilo lilizaliwa na historia ya Ulaya, na Afrika ingeweza kujenga usawa juu ya msingi wa udugu. Hata hivyo, hoja hiyo ingebaki faraja ya waliokwisha kushika madaraka kama Azimio la Arusha la mwaka 1967, tamko la chama chake, lisingeiwekea sharti, kwa kuwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba.

Umuhimu wa sharti hilo la kuwafunga wenye mamlaka unaonekana chini ya Mlima Meru, kaskazini mwa Tanganyika, ambako mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Wameru hawakushika silaha, bali walimtuma mwenzao Kirilo Japhet kwenye Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Lakini ardhi haikurudishwa wakati huo, na nguvu iliyotumika hapo ilikuwa ya dola, wala si ya waasi.

Kipimo hichohicho chaihusu dola huru, kwa kuwa katika Operesheni Vijiji ya Tanzania ya miaka ya 1970, iliyowakusanya watu vijijini, wananchi wengi walihamishwa kwa shuruti kwa jina la Ujamaa uleule uliokataa mapambano. Basi, kuonya dhidi ya mapinduzi ya damu ni haki ya yule tu anayekubali kwanza kuyafunga mamlaka yake mwenyewe, kwani anayemtaka mnyonge avumilie huku akijiachia ruhusa ya kutumia nguvu hajakataa ukatili, ila amechagua nani autende.