Je, Mkristo Aweza Kuishtaki Hospitali?

Mtu atokaye Njombe kwenda Lugarawa wakati wa masika ajua maana ya neno "mbali". Barabara yapanda na kushuka milimani kuelekea Ludewa, na ukungu hulala mabondeni hata jua likiwa limekwisha kupanda. Huko ipo Hospitali ya Mtakatifu Yohane, ya Jimbo Katoliki la Njombe. Twaitaja si kwa lawama, bali kwa kuwa familia zetu nyingi nchini hutegemea hospitali za namna hiyo. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa mvua hana nafasi ya kuchagua. Aliyemkuta zamu ndiye aliye na uhai wake mkononi.

Basi ikitokea kwamba aliye zamu hakuitambua hatari, na mama akafa, twasema nini matangani? Twasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Ni kweli, nasi twaamini hivyo. Walakini kazi ya mwanadamu ina makosa, na haifai kuitwika jina la Mungu ili isichunguzwe. Jeneza likiisha kushushwa, watu hutawanyika, na mume hubaki na swali asilothubutu kulitamka: je, nikienda mahakamani, nitakuwa nimetenda dhambi?

Swali hili liliwahi kujibiwa na mtu mmoja huko Uganda, kwa matendo. Mwezi wa Mei 2011, mkewe alifikishwa katika hospitali ya Nakaseke, kaskazini ya Kampala, akiwa katika uchungu. Mwuguzi aliona kwamba uchungu umekwama, na kwamba daktari anahitajika upesi. Katika hali kama hiyo mtoto hawezi kupita, mfuko wa uzazi hukazana hata kupasuka, na damu humwagikia ndani. Upasuaji ukifanywa mapema huokoa. Daktari wa zamu hakuwapo. Saa zilipita, na mama yule akafa. Mume na watoto, pamoja na shirika la kutetea haki za afya, waliishtaki serikali ya wilaya. Mwezi wa Aprili 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za marehemu zilivunjwa, na haki za mume na watoto vilevile, ikaamuru fidia ya shilingi za Uganda milioni 35.

Tuangalie vema kosa lenyewe. Hapa ugonjwa haukujificha. Mwuguzi aliuona, aliyepaswa kuja ndiye hakuja. Si kila kifo hospitalini ni cha namna hiyo. Daktari aweza kumpokea mtoto mwenye homa na maumivu ya tumbo, akampima, akamtibu malaria, akarudi jioni kumtazama tena, kumbe kidole tumbo kimekwisha kupasuka. Huyo amekosea, lakini hakupuuza. Sheria nayo hutenganisha mambo haya: tangu shauri la Bolam la mwaka 1957 huko Uingereza, mahakama huuliza kama daktari alitenda kama watendavyo madaktari wengine wenye ujuzi wa kazi hiyo, wala haimdai asikosee kamwe. Walimu wetu wa maadili wamefundisha jambo la karibu na hilo tangu zamani: kuna kutojua kusikoepukika, kusiko na hatia, na kuna kutojua kwa mtu asiyetaka kujisumbua kujua.

Lakini Mkristo hakuamriwa kusamehe? Ameamriwa, tena mara sabini mara saba. Hata hivyo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2487, yafundisha kwamba aliyeikosea haki na ukweli yampasa kufanya malipizi, hata akiwa amekwisha kusamehewa. Torati nayo, katika Kutoka 21:19, yamtaka aliyemjeruhi mwenzake alipe siku alizopoteza na kumwuguza hata apone. Kwa hiyo mume aweza kusamehe kwa moyo wote na bado akadai. Tena twaongeza neno ambalo wengi hawalifikirii: mume aweza kusamehe lililo lake tu. Maziwa ya kichanga na karo ya mtoto wa darasa la nne si mali yake ya kutoa sadaka. Akinyamaza kwa sababu ya haya, au kwa kuwaogopa wakubwa wa parokia, wanaolipa ukarimu huo ni watoto.

Twajua litakalosemwa: hospitali ya misioni ni maskini, na fedha ya fidia itatoka katika dawa za wagonjwa wengine. Neno hilo ni zito, na tungekuwa wanafiki tukilipuuza. Mwana wa Sira atufundisha kumheshimu mganga, na wengi wao hufanya kazi usiku kucha kwa ujira mdogo. Lakini deni halipungui kwa kuwa mdaiwa ni mtu wa Kanisa. Na kwa kadiri tuonavyo sisi, familia nyingi hazikuanza kwa kutaka fedha. Ziliuliza tu ilikuwaje, zikajibiwa, "Subirini," kisha zikaambiwa cheti hakionekani. Hapo ndipo moyo hugeuka. Mganga mkuu akiwaita wafiwa, akawaeleza wazi nani alikuwa zamu, nini kilionekana na nini hakikuonekana, akawaomba radhi, shauri laweza kumalizika mezani kwake, na sehemu ya watoto ikapangwa hapo hapo.

Asipofanya hivyo, mahakama ipo, na kwenda huko si dhambi. Tanzania, madai ya namna hii hufunguliwa kabla ya miaka 3 kwisha, kwa sheria ya mwaka 1971. Familia iliyo katika mashaka na iandike barua mapema kuomba maelezo, ibaki na nakala, na paroko akiombwa kuisindikiza hadi ofisi ya mganga mkuu, asikatae.