Kinga, Kadari na Amana ya Mtoto

Katika nyumba zetu nyingi za mwambao, siku ya kumpeleka mtoto kliniki kuchanjwa ni siku ya maneno. Mama amekwisha mkosha mtoto, amembeba kwa leso, kadi ameishika mkononi, na mara sauti ya mavyaa yake yatoka ukumbini: "Mwanangu, mtoto mzima hana hata mafua, wampeleka akadungwe sindano ya nini? Sisi hatukuchanjwa, na wazima tungalipo. Mwenye kulinda ni Mungu." Mama yule husimama mlangoni asijue la kufanya. Akienda ataonekana hana adabu, na asipokwenda moyo wake hautatulia.

Maneno ya bibi huyo si ya kuchekwa. Amelea wengi kabla yetu, na neno lake la mwisho ni kweli tupu: mwenye kulinda ni Mwenyezi Mungu (S.W.T.). Lakini hata neno la kweli laweza kuwekwa mahali pasipo pake. Swali tutakalolitazama leo ni hili: Je, kumkinga mtoto na maradhi ni upungufu wa imani? Na je, mzazi anayekataa chanjo huwa ameamua jambo lake mwenyewe tu, au amewaamulia na watu wengine?

KADARI NA SABABU

Imesimuliwa kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake kisha atawakali, au amwache bila kamba na atawakali. Mtume alimwagiza amfunge, kisha ndipo amtegemee Mungu. Wengi wetu twaijua habari hii tangu chuoni, lakini tunapofika kwenye afya ya watoto wetu twaisahau.

Tutazame na kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Katika ukhalifa wake alikuwa safarini kwenda Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh akapewa habari kwamba nchi ile imeingiwa na tauni, ile iliyokuja kujulikana kwa jina la tauni ya Amwas, karibu na mwaka 639. Akawashauri masahaba, kisha akaamua kurudi Madina pamoja na watu wake. Abu Ubaida bin Jarrah (R.A.) akamwuliza kama ni kadari ya Mungu anayoikimbia. Umar akamjibu kuwa ndiyo, anaitoka kadari ya Mungu na kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na wa pili mkavu; popote atakapowalisha ngamia wake, atakuwa amewalisha kwa kadari ile ile. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.), akaeleza kwamba alimsikia Mtume akikataza watu wasiingie katika nchi yenye tauni, na waliomo ndani yake wasitoke kwa kuikimbia.

Ndugu msomaji, yafikiri vizuri makatazo hayo, kwani yana sehemu mbili. Anayekatazwa kuingia analindwa nafsi yake. Lakini yule anayekatazwa kutoka, analindwa nani? Wanalindwa wale asiowajua, walioko katika miji atakayoipitia. Basi kujikinga ni wajibu wa mtu kwa nafsi yake, na ni wajibu wake vile vile kwa wenzake. Jambo hili la pili ndilo tunalolisahau zaidi.

CHANJO NI NINI?

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wa mwanadamu na ulinzi wake ndani. Kijidudu cha maradhi kikiingia, ulinzi huo hupigana nacho; ukishinda, huikumbuka sura ya adui yule, na akija tena hutambuliwa upesi. Taabu ni kwamba katika mapigano ya kwanza mtoto mdogo aweza kufa, au kupona akiwa kipofu au kiwete. Chanjo huuonyesha mwili sura ya adui bila ya vita vyenyewe. Huingizwa kijidudu kilichouawa, au kilichodhoofishwa, au sehemu yake tu, na mwili ukajifunza. Baadhi ya mafunzo hayo hayashiki kwa mara moja. Ndiyo maana kadi ya kliniki ina tarehe nyingi, na mama mjamzito huchanjwa pepopunda hata kama yeye mwenyewe ni mtu mzima.

Wako wanaodhani kwamba elimu hii ni kitu kigeni kilicholetwa kuwapima Waislamu imani. La hasha! Tabibu ar-Razi, aliyefariki katika karne ya 10, aliandika kitabu kizima cha kueleza tofauti kati ya ndui na surua. Na katika dola ya Uthmaniya watu walikuwa wakiwakinga watoto wao na ndui kwa kuwatia usaha kidogo wa mgonjwa kwenye mkwaruzo wa ngozi. Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliyaona hayo huko, na mwaka 1718 mwanawe wa kiume akakingwa kwa njia hiyo mjini Istanbul. Njia ile ilikuwa na hatari, kwani ilikuwa ni ndui yenyewe. Mwaka 1796 ndipo tabibu Mwingereza Edward Jenner alipoonyesha kuwa usaha wa ndui ya ng'ombe, maradhi mepesi, humkinga mtu na ndui kali. Elimu ilitoka mkono huu ikaenda mkono ule, na kila umma una fungu lake ndani yake.

"MBONA SISI TU WAZIMA?"

Sasa turudi kwa bibi yetu. Tumwulize kwa adabu: "Bibi, mama yako alizaa wangapi?" Huenda akajibu, "Kumi." "Na mliokua ni wangapi?" Hapo bibi hunyamaza kidogo, kisha huanza kuwataja kwa majina: huyu alikwenda kwa surua, yule kwa kifaduro, na yule wa mwisho kwa pepopunda kabla hajatimiza arubaini. Wanaosema "mbona sisi tu wazima" ni wale waliobaki. Waliokwenda hawana wa kuwasemea ukumbini.

Surua peke yake, kabla chanjo yake haijaanza kutumika mwaka 1963, inakadiriwa kuwa ilikuwa ikiua watu kama 2,600,000 duniani kila mwaka, na wengi wao walikuwa watoto. Ikiwa leo kijana hajapata kuona maiti ya mtoto wa surua, hiyo si dalili kwamba surua imekuwa mpole. Ni dalili kwamba mama zake walikwenda kliniki.

MPISHI WA MERKA

Ukiifuata pwani hii yetu kwenda kaskazini, ukapita Lamu, Kismayu na Barawa, utafika mji wa Merka, Somalia. Hapo ndipo ilipoishia ndui, maradhi yaliyokuwa yakiua watu watatu katika kila kumi iliowapata kwa ukali wake.

Mwezi wa Oktoba 1977 alikuwako katika hospitali ya mji huo mpishi kijana wa miaka 23, jina lake Ali Maow Maalin. Chanjo ilikuwapo, na yeye alikuwa akifanya kazi mahali penyewe pa tiba; lakini, kama alivyokuja kueleza mwenyewe, aliogopa maumivu ya sindano, akaikwepa. Siku moja ikaja gari iliyochukua watoto wawili wenye ndui, na dereva hakuijua njia ya kambi ya wagonjwa. Maalin akapanda ili kuwaonyesha njia. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache tu. Mtoto mmoja katika wale wawili, msichana wa miaka sita, alifariki. Na baada ya siku kama kumi Maalin naye akashikwa na homa. Kwanza walidhani ni malaria, kisha tetekuwanga, hata ikabainika kuwa ni ndui.

Hofu ndogo ya mtu mmoja ikawa shughuli ya mji mzima. Waliomzuru walitafutwa mmoja mmoja, hospitali ikafungwa kwa wagonjwa wapya, nyumba zikapitiwa, na katika muda wa wiki mbili watu zaidi ya 50,000 wakachanjwa. Kwa rehema ya Mungu Maalin alipona, na hakuna aliyeambukizwa naye. Akawa ndiye mtu wa mwisho duniani kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida. Na tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba maradhi hayo yamekwisha ulimwenguni.

Lakini la kutuliza moyo ni alivyofanya baadaye. Alijitolea katika kazi ya kuwakinga watoto wa Somalia na polio. Alipokutana na wazazi wenye kusitasita aliwasimulia habari yake mwenyewe bila ya kuificha, kwamba alikataa na ikampata. Hakutaka nchi yake, iliyokuwa ya mwisho katika ndui, iwe tena ya mwisho katika polio. Katika kazi hiyo ndimo alimofariki Julai 2013, kwa malaria. Mtu alikosea, akakiri, akautumia umri wake kuwazuia wengine wasikosee kama yeye. Toba gani iliyo bora kuliko hiyo?

MTOTO WA JIRANI

Maalin alikuwa mtu mzima, na hofu yake ilimrudia mwenyewe. Mtoto wa miezi tisa hakuogopa wala hakukataa, ameamuliwa. Wanazuoni wetu wamefundisha kwamba mtoto ni amana, na mwenye amana haruhusiwi kuihatarisha kwa kuwa tu yeye mwenyewe haipendi kazi ya kuilinda.

Na nyuma ya ukuta yuko mtoto wa jirani. Katika nchi zetu chanjo ya surua huanza kutolewa katika miezi tisa. Mtoto wa miezi minne aliyelala nyumba ya pili hana chanjo hiyo, na si kwa sababu mamaye amekataa. Hana vile vile mtoto mwenye maradhi yaliyodhoofisha mwili wake hata madaktari wakamkataza. Mgonjwa mmoja wa surua aweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na vijidudu vyake hubaki hewani hata saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani. Mtoto wako akienda naye harusini au maulidini, huenda ukamwua mtoto ambaye hukumwona. Inatakiwa kama watoto 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa ili surua ikose njia. Hao 95 ndio ukuta wa wale wachanga. Anayejitoa amelibomoa tofali lake, na upepo utaingia kwa mwenziwe.

HOFU ZENYE HAKI YA KUJIBIWA

Hatusemi kwamba mwenye kuuliza ni mbaya. Chanjo yaweza kuleta homa, uvimbe, na mtoto kulia usiku. Na mara chache sana mwili huikataa kwa nguvu, ndiyo maana huambiwa ukae kidogo kliniki kabla ya kuondoka. Wala kinga yake si kamili: sindano ya kwanza ya surua katika miezi tisa huwakinga kama 85 katika 100, na ya pili huja kukamilisha. Wengine huuliza kama ndani yake hamna kilichotokana na nguruwe. Suala hili lilijadiliwa na wanazuoni na matabibu Waislamu huko Kuwait mwaka 1995, wakaona kwamba kitu kikigeuka asili yake hata kikawa kitu kingine, hukumu yake hugeuka pia. Basi mwenye shaka na awaulize wenye elimu, asiwaulize wapita njia.

Tena tujitazame sisi watu wazima. Mwaka 1987 homa ya uti wa mgongo iliwashika mahujaji, na wengine wakarudi nayo makwao. Leo hakuna anayekwenda Hija bila ya kuchanjwa maradhi hayo. Mzee hukunja mkono wa kanzu yake, akadungwa, akasema Bismillahi, na hakuna anayemwambia kwamba imani yake imepungua. Ikiwa kinga haikuharibu tawakali ya mwenye kwenda Makka, itaiharibuje ya mtoto anayekwenda kliniki?

Basi mama, nenda na mtoto wako, na umwombe bibi akuandamane, ambebe yeye na amsomee dua njiani. Sindano ni kamba ya ngamia. Dua ni ya Mwenye kumlinda ngamia. Hakuna katika haya mawili linalomfukuza mwenziwe.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na wa majirani zetu, na atujaalie tuwe wenye kuzitunza amana zake. Amin.